Barakoa ya kipimo cha mazoezi: je, ilipima mapafu yako?

Swali: Nina miaka 41, uzito kilo 68, na ni mwaka mmoja na nusu sasa nakimbia mara tatu kwa wiki. Kilomita tano nazimaliza kwa dakika 33. Wiki iliyopita nilipimwa kwenye mashine ya kukimbilia, nimevaa barakoa yenye waya na mrija unaoingia kwenye kompyuta. Dakika ya tisa niliomba tusimame, maana barakoa ilinifanya nijione kama nakabwa. Karatasi ya majibu inasema: VO2max 33, kizingiti 22 kwenye mapigo 138, mapigo ya juu 158, RER 1.02, hewa lita 62 kwa dakika, oksijeni ya damu asilimia 97, na pembeni ya VO2max wameandika "wastani". Kabla ya kukimbia nilipuliza kifaa nikatoa lita 3.0 katika sekunde ya kwanza. Saa yangu ya mkononi inasema VO2max yangu ni 41. Mtaalamu, mapafu yangu ni dhaifu? Na niamini ipi, mashine au saa?

Jibu: Dada yangu, mapafu yako hayana tatizo lolote ninaloliona hapa, na kipimo chako hakikufika mwisho. Yote mawili yamo kwenye namba ulizoniandikia, na ningependa uyaone mwenyewe badala ya kuniamini tu. Watu wengi hupewa karatasi ya aina hii, wakaonyeshwa namba moja iliyozungushiwa kalamu, wakarudi nyumbani na huzuni ambayo karatasi yenyewe haikuileta.

VO2max ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika, kwa mililita kwa kila kilo ya uzito. Tuanze na kazi ya barakoa. Hewa uliyovuta ilikuwa na oksijeni asilimia 20.93, na kiwango hicho ni kilekile uwe ufukweni au juu ya mlima. Kinachopungua mlimani ni mgandamizo wa hewa. Hewa uliyoitoa ilikuwa na oksijeni kidogo zaidi, na ndani yake kulikuwa na hewa ukaa ambayo mwanzo ilikuwa karibu haipo. Mashine inajua vitu viwili tu: umetoa hewa kiasi gani, na imo nini ndani yake. Mengine yote ni hesabu.

Hebu tuifanye kwa namba zako. Ulipokuwa mwisho kabisa ulikuwa ukipitisha lita 62 za hewa kwa dakika. Lakini hewa inayotoka kifuani ni ya moto na ina unyevu, kwa hiyo imevimba. Ikikaushwa na kurudishwa kwenye nyuzijoto sifuri kwa mgandamizo wa kawaida wa usawa wa bahari, zile lita 62 zinabaki kama 51. Matumizi yako ya oksijeni yalikuwa mililita 33 kwa kila kilo, mara kilo 68, yaani lita 2.24 kwa dakika. Gawanya 2.24 kwa 51, unapata karibu asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba hewa uliyoitoa ilikuwa na oksijeni kama asilimia 16.5. Mwili wako ulichukua karibu moja ya tano ya oksijeni iliyoingia, iliyobaki ukaipumua nje bila kuigusa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kuna ujanja mmoja katika hesabu hii ambao mimi bado unanifurahisha baada ya miaka yote hii. Mashine nyingi hazisumbuki kupima hewa inayoingia. Zinapima inayotoka tu. Zinajuaje basi iliingia kiasi gani? Zinategemea naitrojeni. Naitrojeni ni karibu asilimia 79 ya hewa, mwili hauitumii na wala hauitengenezi, kwa hiyo iliyoingia ndiyo iliyotoka. Ukijua asilimia yake kwenye hewa inayotoka, unarudi nyuma na kupata kiasi kilichoingia. Njia hii inaitwa kwa jina la John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uingereza.

Udhaifu wa kipimo uko hapohapo kwenye barakoa. Tofauti tunayoitafuta ni asilimia nne na ushee, kwa hiyo kosa dogo linaleta hasara kubwa. Barakoa ikivujisha lita tano katika zile 51, karibu moja ya kumi ya oksijeni uliyotumia haitahesabiwa, na VO2max yako itashuka kwa namba tatu bila wewe kuwa na kosa lolote. Ndiyo maana kabla ya mtu kupanda mashine, mpimaji husukuma bomba la lita tatu mara kadhaa kuhakikisha kifaa kinasoma lita tatu kweli, kisha hufungulia mtungi wa gesi ambayo mchanganyiko wake unajulikana. Baada ya hapo huziba tundu la barakoa kwa kiganja na kumwambia mtu apulize, aone kama hewa inapenya pembeni ya pua au chini ya kidevu. Kama hukufanyiwa hilo la mwisho, dai lifanyike safari ijayo.

Sasa mapafu. Barakoa inadanganya watu: kwa kuwa inafungwa puani na mdomoni, kila mtu anadhani inapima pumzi. Mwaka 1870 Adolf Fick, mwanafiziolojia wa Ujerumani, alieleza kwamba oksijeni ambayo mwili unatumia kwa dakika ni kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa dakika hiyo, mara tofauti ya oksijeni kati ya damu inayotoka moyoni kwenda mwilini na damu inayorudi. Tazama mapafu yanakaa wapi katika maneno hayo. Yanaijaza damu oksijeni, basi. Kazi ya kuisafirisha ni ya moyo na hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), kazi ya kuipokea na kuichoma ni ya misuli. Barakoa imesimama mlangoni tu, inahesabu kilichoingia na kutoka kwa niaba ya mnyororo mzima.

Kama pete ya kwanza ya mnyororo, yaani mapafu, ndiyo ingekuwa imeshindwa, tungeona dalili tatu. Ya kwanza, ungekuwa umetumia karibu uwezo wako wote wa kupitisha hewa. Uwezo huo hukadiriwa kwa kuzidisha hewa unayopuliza katika sekunde ya kwanza mara 40: kwako ni 3.0 mara 40, lita 120 kwa dakika. Ulitumia 62. Karibu nusu ya mapafu yako ilikuwa bado akiba. Ya pili, oksijeni ya damu ingeshuka. Yako ilibaki 97. Ya tatu, ungehitaji hewa nyingi kupita kiasi ili kutoa hewa ukaa. Kwa RER ya 1.02, yaani hewa ukaa mara 1.02 ya oksijeni uliyochukua, ulikuwa unatoa hewa ukaa kama lita 2.28 kwa dakika. Lita 62 kugawa kwa hiyo ni 27. Chini ya 30 na kitu ni kuzuri. Kwa watu wenye moyo uliochoka au shinikizo kwenye mishipa ya mapafu, namba hii hupanda hadi 35, 40 na zaidi, na madaktari wa moyo huiangalia kwa makini kuliko hata VO2max. Yako imetulia.

Basi kwa nini ulijiona unakabwa? Kwa sababu kinachokusukuma kuhema unapokimbia kwa nguvu si upungufu wa oksijeni. Umeona mwenyewe kwamba ulikuwa ukitoa nne ya tano ya oksijeni bila kuitumia. Kinachokusukuma zaidi ni hewa ukaa na asidi inayoongezeka kwenye damu, ambazo ubongo unazihisi na kuamuru kifua kifanye kazi haraka. Juu ya hapo umefungwa mpira usoni, jasho linatiririka ndani yake, huwezi kuongea, na mtu amesimama pembeni na kalamu. Hisia yako ilikuwa ya kweli kabisa. Ila haikuwa habari ya mapafu.

Tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi katika ripoti yako: kuandika "VO2max" mahali ambapo hakukuwa na ukomo. Neno hilo lina historia. Mwaka 1923 wanafiziolojia A. V. Hill na Hartley Lupton walichapisha vipimo vya wakimbiaji, Hill mwenyewe akiwamo, waliokusanya hewa yao kwenye mfuko huku wakikimbia. Waliona kwamba matumizi ya oksijeni yanapanda kadiri mwendo unavyoongezeka, lakini hufika mahali yakagoma. Mtu anaongeza mwendo, oksijeni haiongezeki. Dari hilo ndilo VO2max. Miaka ya 1950 watafiti waliweka kipimo cha kugoma huko: kama umeongeza kazi na oksijeni ikapanda kwa chini ya mililita 150 kwa dakika, umegusa dari. Watu wengi hawalionyeshi waziwazi, kwa hiyo tunatafuta ushahidi wa pembeni, nao ni RER na mapigo ya moyo.

RER ni uwiano wa hewa ukaa unayotoa kwa oksijeni unayochukua. Ukichoma mafuta peke yake ni 0.7, ukichoma wanga peke yake ni 1.0. Hakuna chakula kinachoweza kuivusha juu ya hapo. Inapovuka 1.0 katika mazoezi, hewa ukaa ya ziada inatoka kwingine: misuli inamwaga asidi, bikaboneti ya damu (kemikali inayopunguza asidi) inaizima, na katika kuizima inazaliwa hewa ukaa ambayo haikutokana na kuchoma chochote. Kwa hiyo RER ni shahidi mzuri wa juhudi. Mtu aliyejitoa kikamilifu kwa kawaida hufika 1.10 au zaidi. Wewe ulikuwa 1.02, ndiyo kwanza umeanza kuingia humo.

Mapigo yanasema vilevile. Ukadiriaji ninaoupendelea ni 208 kutoa asilimia 70 ya umri: kwako ni 179 hivi. Ulisimama kwenye 158. Ukadiriaji huu unaweza kumkosea mtu mmoja kwa mapigo kumi juu au chini, hivyo peke yake nisingeutegemea. Vilevile zipo dawa za moyo na presha zinazozuia mapigo kupanda, na ipo mioyo ambayo haipandi inavyostahili. Lakini ingekuwa hivyo, misuli ingekuwa imekwisha kulia kwa asidi na RER ingekuwa juu. Mapigo ya chini pamoja na RER ya chini maana yake ni moja: kipimo kilisimama, mwili ulikuwa bado una njia.

Ushahidi wa tatu umeuleta wewe mwenyewe bila kujua. Kilomita tano kwa dakika 33 ni mita 151 kila dakika. Kukimbia tambarare hugharimu takribani mililita 0.2 za oksijeni kwa kila kilo kwa kila mita ya mwendo huo, ukijumlisha 3.5 za kuwa hai tu. Hiyo inakuja kama 34. Hakuna binadamu anayeweza kukimbia dakika 33 mfululizo juu ya dari lake mwenyewe. Kama ripoti ingekuwa sahihi, ungekuwa unafanya muujiza mara tatu kwa wiki.

Dari lako la kweli liko wapi? Sitakupa namba moja kana kwamba nimeipima, lakini naweza kuikaribia. Kila pigo la moyo wako lilikuwa linapeleka kama mililita 14 za oksijeni (2,240 kugawa kwa 158). Moyo huohuo ukifika mapigo 179 kwa kiwango hichohicho, unapata lita 2.5 kwa dakika, yaani 37 kwa kilo. Njia ya mbio zako inatoa karibu jibu hilohilo, tukichukulia kwamba kilomita tano unazikimbia kwa tisa ya kumi ya uwezo wako. Kwa hiyo mashine ilikupunja na saa ilikupendelea.

Saa si tapeli, tuielewe tu. Haioni hewa hata kidogo. Inaona mapigo na mwendo, halafu inasema: mtu anayekwenda hivi kwa mapigo haya huwa na uwezo huu. Katikati ya hesabu hiyo imekisia mapigo yako ya juu kutokana na umri uliojaza, na ikikosea hapo, kila kitu kinahama. Siku ya joto kali, au ukiwa na homa au usingizi pungufu, mapigo yanapanda na saa inatangaza kwamba umedhoofika. Itumie kufuatilia mwelekeo wa miezi, usiitumie kwa hukumu ya wiki.

Kuna namba moja kwenye karatasi yako ambayo naiamini kabisa, na hukuiuliza: kizingiti, yaani mahali asidi inapoanza kuongezeka, oksijeni ikiwa 22 kwenye mapigo 138. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mtu afike mwisho. Mtafiti Karlman Wasserman na mwenzake waliieleza mwaka 1964, na mwaka 1986 ikaja njia ya kuisoma kwenye mchoro wa hewa ukaa dhidi ya oksijeni. Mwanzoni nukta zinapanda kwa mstari mmoja, zote mbili zikiongezeka sawia. Kisha mstari unakunja na kusimama wima zaidi: hewa ukaa imeanza kuongezeka kuliko oksijeni, ishara kwamba ile kazi ya bikaboneti imeanza. Chini ya kunjo hilo unaweza kukimbia na kuzungumza sentensi nzima. Ukilipita, sentensi zinaanza kukatika.

Kwa mazoezi yako ya kila siku hiyo 138 ina thamani kuliko VO2max. Nadhani mbio zako zote tatu za wiki unazikimbia juu yake, maana ndivyo wanavyofanya wengi wanaojifunza peke yao: kila siku mwendo wa katikati, si wa kupumzisha wala wa kusukuma. Jaribu hivi kwa miezi mitatu. Mbio mbili ziwe chini ya 138, hata kama itabidi utembee kwenye miinuko na hata kama utaona aibu. Ya tatu iwe ya vipande: dakika nne za nguvu kiasi cha kutoweza kuongea, dakika tatu za taratibu, mara nne. Hivyo vipande ndivyo vinavyousukuma moyo kutoa damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na moyo ndiyo pete inayobana mnyororo kwa watu wengi wenye afya. Angalia pia wingi wa damu. Gramu moja ya hemoglobini inabeba mililita 1.34 za oksijeni; anayeshuka kutoka gramu 13.5 hadi 10 kwa desilita amepoteza robo ya mzigo wake kabla hajafunga kamba za viatu. Kizingiti chako hakionyeshi dalili hiyo, ila ukianza kuchoka bila sababu, hicho ndicho kipimo cha kwanza kuomba.

Kuhusu neno "wastani" waliloliandika, ulipime kwa mizani pana. Ukikaa kimya unatumia 3.5. Kutembea kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa ni kama 12. Kwa mgonjwa wa moyo uliochoka, kushuka chini ya 14 ni moja ya mambo yanayofanya madaktari waanze kuzungumza juu ya kupandikiza moyo. Wanawake wengi wa rika lako wasiofanya mazoezi wako kati ya 25 na 30, na wakimbiaji wa kike wa kimataifa wanapita 60. Asiyefanya mazoezi hupoteza karibu sehemu moja ya kumi kila miaka kumi baada ya ujana. Wewe uko mahali pazuri, na una nafasi ya kupanda.

Ukirudia kipimo baada ya hiyo miezi mitatu, tumia mashine ileile, aina ileile ya mazoezi na ikiwezekana saa zilezile za siku. Baiskeli humpa mkimbiaji namba ya chini kuliko mashine ya kukimbilia, hivyo usilinganishe majibu ya vifaa viwili. Omba uvae barakoa dakika tano ukiwa umekaa kabla ya kuanza, hofu ipungue. Omba mwinuko uongezwe polepole, ili kipimo kiishe kati ya dakika ya nane na ya kumi na mbili kwa sababu ya miguu na pumzi, wala si kwa sababu ya mpira usoni. Kubalianeni alama za mkono: kidole gumba juu maana yake endelea; kiganja wazi, dakika moja tu; mkono kifuani, simamisha sasa hivi. Maumivu ya kifua au kizunguzungu usiyavumilie hata sekunde.

Na ukishasimama, usiivue barakoa haraka. Endelea kutembea taratibu dakika chache nayo ikiwa usoni, kwa sababu mapigo yanavyoshuka katika dakika ya kwanza ni kipimo kingine kamili. Yakishuka kwa 12 au pungufu ukiwa unatembea, daktari wa moyo atataka kujua. Kwa mtu anayekimbia kama wewe natarajia yashuke zaidi ya hapo. Namba hiyo haimo kwenye karatasi uliyonitumia. Kama mashine iliendelea kurekodi baada ya dakika ya tisa, bado wanayo kwenye kompyuta, nawe una haki ya kuiomba.